Kengele ya Nane

Ilongero, 2 Juni 2024

Mwanangu Rahel,

Huku tu wazima, mimi, ng'ombe na yule jogoo wako mkorofi. Sijui wewe na wanafunzi wako huko Rungwa.

Saa ya mbao ya babu yako, ile aliyoachiwa na mmisionari Mmarekani, imefufuka! Fundi Abdillahi wa mjini kaitia mafuta. Ndani ina karatasi ya mtengenezaji, Chauncey Jerome wa Bristol, Connecticut. Ila ilikuwa inagonga Kizungu: saa moja asubuhi, kengele saba! Abdillahi akanionyesha kiwaya. Ukikinyanyua, saa inagonga hesabu inayofuata papo hapo na mishale haisogei. Sasa saa moja inagonga moja. Bwana Jerome nimemfundisha Kiswahili.

Washenga wa huyo Emilian wako, mrina asali, waje Jumamosi tarehe 22. Ikigonga nane nitawasikiliza. Kabla ya hapo sina masikio.

Baba yako,
Alute

Rungwa, 9 Juni 2024

Shikamoo baba,

Namshukuru Mungu, homa imeniacha. Mgongo wako unaendeleaje?

Nimesoma habari za huyo Jerome. Saa zake ziliuzwa mpaka Uingereza, halafu akafilisika, akafa maskini.

Emilian atakuja na mjomba na shangazi yake. Baba, nampenda. Nakuomba usiniaibishe kwa ajili ya kengele.

Mwanao,
Rahel

Ilongero, 23 Juni 2024

Mwanangu,

Mgongo haujambo. Jerome alifilisika kwa kuwa saa zake hazifi. Nani angenunua ya pili?

Wageni walifika jua likiwa la saa nane kweli, lakini saa ikagonga tatu. Neno langu ni neno langu, nikawaambia wangoje. Shangazi akaingia jikoni, akasonga ugali. Mjomba akasinzia kwenye kiti changu. Emilian akavua koti, akapura alizeti zangu. Ilipogonga saba nilishikwa na kikohozi kibaya, na iliyofuata ikawa tisa! Nane imepita bila mtu kuisikia. Hata mimi nilishangaa. Wamekwenda kulala kwa ndugu zao Unyambwa.

Baba yako,
Alute

Rungwa, 1 Julai 2024

Shikamoo baba,

Pole kwa kikohozi. Emilian anasema ulipokuwa ukikohoa, mkono wako ulikuwa ndani ya saa. Alinyamaza kwa heshima. Mimi nimelia. Humtaki? Niambie tu.

Mwanao,
Rahel

Ilongero, 8 Julai 2024

Mwanangu,

Natumaini machozi yamekauka. Kikohozi kimepona, tena hakikuwepo.

Nilikichezea kile kiwaya tangu asubuhi. Mama yako alipotutoka, nawe ukaenda Rungwa, humu ndani nikabaki na saa tu ya kusemeshana nayo. Niliogopa nikisema ndiyo, hutarudi tena. Lakini kijana ameona mkono wa mzee ndani ya saa, akanyamaza, akarudi kwenye alizeti. Mtu kama huyo namkataaje?

Nimekubali. Waje siku yoyote, hata alfajiri, nawe uje nao. Nyuma ya zizi nimetundika mzinga, ili mumeo akija asikose sababu ya kukaa.

Baba yako,
Alute