Springroli za Mkono Wangu

Ibra, Sharqiyah,
Oman.
24 Machi 2025

Mpendwa dada yangu Khamisa,

Shikamoo dada. Vipi hali yako, na hayo magoti yako? Huko Wete saumu mwaionaje? Sisi wazima, alhamdulillahi. Joto limewahi mwaka huu lakini tunafunga.

Dada, kaa kitako kwanza. Mdogo wako sasa ni mpishi.

Wifi yako Aliya aliteleza uani mwezi wa Shaabani akavunjika mkono wa kulia, akafungwa plasta. Maumivu aliyavumilia. Kilichomliza ni sahani za majirani. Hapa kabla ya magharibi nyumba hupelekeana futari, na springroli za nyama za Aliya husubiriwa mtaa mzima. Nikamwambia tununue za dukani. Aligeukia ukutani. Basi nikasema nitapika mimi.

Siku ya kwanza ilikuwa aibu tupu. Nilijaza nyama ingali moto, manda, zile karatasi za unga za kukunjia, zikalowa, zikapasukia kwenye mafuta. Na chumvi! Sote tumefunga, hakuna wa kuonja. Mimi nilitia, Aliya akapita nyuma yangu akatia tena kwa mkono wake mzima. Tulipokuja kuonja, sahani zilikwishatoka kwa majirani. Baada ya sala ya Tarawehe jirani yetu Nizar akanishika bega akaniuliza kama nyumbani tuna maji ya kunywa ya kutosha.

Wanijua kichwa changu kigumu. Tukapatana chumvi iwe ya Aliya peke yake, mimi niwe mikono. Kima, ile nyama ya kusaga, naikausha na kitunguu thomu, tangawizi na bizari mpaka isibaki hata tone la maji, naiacha ipoe kabisa, ndipo natia majani ya kotmiri. Nakunja manda, naziba ncha kwa unga uliokorogwa na maji. Aliya yuko kitini ananipigia kelele: "Bana, Himid, bana! Unakunja mkeka?"

Ijumaa akaja dada yake, Hajar, na watu wake kutoka Sur. Ulimi wa Hajar unakata, waujua. Aliya kutwa hakuwa na raha, akiogopa kuambiwa nyumba yake imeshindwa. Mimi nilikuwa majlisi na wanaume, masikio yote upande wa wanawake. Mara nikamsikia Hajar: "Mashallah, Aliya! Na mkono mmoja? Wallahi zimezishinda za mwaka jana!"

Aliya angeweza kunyamaza, dada. Akapaza sauti: "Si zangu! Kapika Himid!"

Hajar hakuamini. Nikaitwa, nikawekewa manda na nyama iliyobaki, nikafunga moja mbele yao wote. Imenyooka, imebana, haina hata tundu. Wakanipigia vigelegele, nikajiona bwana harusi! Hajar kaniomba nimfundishe mumewe.

Jana plasta imetolewa, na daktari kasema mkono umepona. Leo asubuhi nimemwona Aliya kanyanyua sufuria ya maji kwa mkono huohuo. Ilipofika alasiri akaushika, akaniambia bado unamuuma sana. Nikakunja mikono ya kanzu nikaingia jikoni.

Nisalimie shemeji Khalaf, umbusu mwanao Lamees na wanawe, na uwasalimie jirani zenu wote wanaonikumbuka. Mungu aipokee saumu yako, akupe nguvu za magoti, na atukutanishe kwenye sahani moja.

Akupendaye daima, ndugu yako mpishi,

Himid