Moshi wa Ng'ambo ya Kijito

Kaka yangu mpendwa Barka,

Johar, salamu yetu ya nyumbani, kwako na kwa shemeji Lukhi. Natumaini mguu wako umepoa na yule ng'ombe mwekundu amezaa salama. Mimi nipo, mwili unakwenda, ila mikono imepasuka kwa baridi ya huku Ladakh, ndiyo maana mwandiko umepinda. Barua hii nimempa mwenzetu Lakhan anayerudi nyumbani mapema. Nimemwomba asiseme lolote mpaka uimalize. Isome mwenyewe, hata polepole.

Ujumbe wako kuhusu hesabu ya watu ulinifikia. Unasema afisa mpya anakuja baada ya mavuno, na safari hii sote tuwe nyumbani, maana ukijumlisha walioko vibaruani Bengal na sisi wa huku, wanatimia watu mia mbili na hamsini wanaotakiwa ndipo tupewe barabara, hata mmoja hazidi. Nilicheka, kaka, lakini si kwa furaha. Nilimkumbuka yule wa kwanza, aliyekuja wakati wa mvua, akakuta kijito kimejaa, akakataa kulowanisha suruali. Alisimama ng'ambo na mwavuli wake akahesabu moshi wa majiko. Ulipompigia kelele kwamba nyumba zisizo na moshi wenyewe wamekwenda kupandikiza mpunga, alikujibu kuwa yeye haandiki watu wa kusimuliwa. Kisha tukaambiwa tu wachache mno. Hakutufikia kwa sababu hatuna barabara, na barabara tukanyimwa kwa sababu hakutufikia.

Huku tunapasua mlima. Tunachemsha lami, tunamwaga kokoto, tunasawazisha mpaka dereva anapita na chai yake mkononi. Barabara hii inakokwenda hakuna kijiji. Kuna mawe, upepo na malori ya jeshi. Msimamizi hupenda kututania: ninyi wa Dumka mnatengeneza barabara nzuri hivi, mbona kwenu mnatembea matopeni kama nyati? Mwanao Singrai alimjibu kwamba ile tumekubakizia wewe, bwana mkubwa, siku ukitutembelea usikose kazi. Watu walicheka mpaka wakaangusha sepetu. Msimamizi mwenyewe alicheka. Singrai alisema barabara ikifika kwetu atanunua pikipiki, na abiria wake wa kwanza atakuwa mama yake, ampeleke sokoni amekaa upande kama mke wa mkubwa.

Kaka, kaa chini.

Wiki iliyopita walilipua mwamba. Tuliambiwa umetulia, tukaingia kuondoa mawe. Haukuwa umetulia. Jiwe lilimpata Singrai kifuani. Gari la wagonjwa lilikuja upesi ajabu, likamchukua bila mtikisiko, juu ya lami aliyoimwaga yeye mwenyewe mwaka jana. Nilikaa naye nyuma. Aliniuliza kama tumefika kijitoni. Nikamwambia tumeshavuka. Hakuuliza tena.

Mwili wake tuliuchoma huku huku. Walisema mwili haufikishiki kwetu, gari lingeishia mbali mno na nyumba. Nina mfupa wake kwenye kitambaa. Tutaupeleka mto Damodar pamoja, mimi na wewe. Shemeji usimwambie kabla sijafika. Hapana, mwambie. Mimi sitaweza.

Nitakuwapo siku ya hesabu. Najua sasa tumepungukiwa na mmoja, na najua ni nani. Afisa akikuuliza nyumbani kwako mko wangapi, mtaje na Singrai. Alipokuwa hai hawakumwandika. Mimi nitasimama kando yako na sitakukanusha.

Wasalimie watoto na majirani, na umshike mkono shemeji kwa niaba yangu. Siku hiyo muwashe pia jiko la kile chumba alichojijengea ili aoe. Mtie kuni mbichi, moshi uwe mwingi, maana huenda na huyu naye asivuke.

Mdogo wako,
Bajal Hembrom