Mtu kwanza, kisha nguo yake

Jumamosi, Butembo. Mvua imekatika saa nane, udongo mwekundu umenifuata mpaka ndani ya nyumba, na sijali. Nina furaha hata chai imepoa mezani bila kuguswa.

Niandike kwa utaratibu. Nimekuwa mwalimu muda mrefu mno, siwezi kuanzia katikati.

Masika, jirani yangu, ni mshonaji. Jumatatu saa mbili asubuhi mkuu wa shule moja ya ushonaji huko Uganda atampigia simu amwulize kwa Kiingereza kuhusu kazi yake. Akijibu vizuri, atapokelewa kwa mwaka mzima. Asipoweza, nafasi inakwenda kwa mwingine. Majuma matatu namfundisha, na tulikuwa tumekwama mahali pamoja: kusema kitu ni cha nani.

Kosa lake ni letu sote tuliosoma kwa Kifaransa. Tunasema nguo ya Kavira (mteja wake mmoja), la robe de Kavira: kitu mbele, mwenyewe nyuma. Naye akasema "the dress Kavira". Kiingereza humtanguliza mwenyewe, kikaweka alama ndogo ya juu na s, ndipo kitu kinafuata: "Kavira's dress". Nimelieleza hilo kwa chaki za rangi mbili. Nimelieleza kwa mishale. Alhamisi alifunga daftari.

"Mwalimu, ubaambie basinipigie simu. Kichwa yangu inakataa."

Nami, nakiri hapa, nilikaribia kumwamini.

Leo wanakwaya walihitaji chumba cha kanisa tunamosomea, basi nikamfuata kwenye ateliye yake, chumba chake cha kushonea, mkononi nimeshika koti langu lililotatuka kwapani. Nguo za wateja zimetundikwa kwenye misumari ukuta mzima, na hakuna jina lililoandikwa popote. Kabla sijasema neno, mama mmoja akaingia. Masika akamtazama mara moja, akanyoosha mkono nyuma bila kugeuka, akashusha sketi yake hasa.

Mama alipotoka, nikauliza anajuaje.

"Eh, Mwalimu! Mutu anaingia kwanza. Naona mutu, kisha naona nguo yake."

Sindano ikabaki hewani.

"Donc Kiingereza nayo inafanya vile? Mutu kwanza?"

Nikainuka nieleze. Akaninyooshea mkasi.

"Hapana kusema! Wacha nijaribu."

Akaanza msumari wa kwanza. "Kavira's dress." Wa pili. "The pastor's trousers." Alipofika kwenye sare za shule: "The children's uniforms", sawasawa kabisa, maana "children" ni wengi lakini haliishii kwa s. Kwenye blauzi za wasichana wa kwaya akasita, na hapo tu nikaruhusiwa kusema: neno la wengi likiwa tayari lina s mwishoni, alama inakaa baada ya hiyo s, basi. "The girls' blouses". Sikio halisikii tofauti.

"Bon, ku simu habataiona," akajibu. Kanyere, mshonaji mwenzake, akacheka mpaka akasimamisha mashine. "Leo Mwalimu ndiye amefundishwa!"

Ni kweli.

Mimi nilimpa mishale, na jibu lilikuwa linaingia mlangoni kwake kila siku, limebeba kitambaa. Miaka yote hiyo darasani, ni mara ngapi nilieleza pale nilipopaswa kuuliza?

Alizunguka ukuta mara tatu, haraka zaidi kila mara, bila kukosea. Mwishowe akachukua koti langu, akalitundika msumari wa mwisho.

"My teacher's coat."

Nilijifanya natazama barabarani.

"Lundi, siku ya simu, utakuja kuichukua," akasema. "Mais utabaki ku mulango. Hapana kunisaidia hata neno moja."

Nimeahidi. Mimi, ambaye huwaeleza hata kuku kwa nini wasiingie jikoni.

Asubuhi za hapa zina baridi. Lakini Jumatatu saa mbili nitakuwa mlangoni pale, bila koti, mdomo nimefumba.