Jina la Bibi Yake

Jumanne, 3 Februari 2026

Wazungu wawili na kamera leo hapa Shanwe. Wanatafuta habari za mvua iliyochelewa. Didace wa Majengo ndiye mkalimani wao. Wakampiga picha mwanangu Nyanzala anachezea tope la maji ya kufulia, na lile gauni lililochanika bega. Wakauliza jina lake maana yake nini. Nikacheka, nikasema kwa Kisukuma cha ukweni ni kama kusema wa njaa. Nilitaka nieleze kwamba ni jina la bibi yake, mama yake Malale mume wangu, aliyezaliwa mwaka wa njaa. Mdogo wake akalia, nikaenda kumnyonyesha. Kurudi — wameshaondoka.

Nimechoka. Kufua basi tena.

Jumatatu, 9 Februari

Mungu wangu! Jirani Dafrosa kaja na simu. Nyanzala yuko kwenye habari za Ulaya! Kaka yake Dafrosa ni mwalimu, katusomea kichwa cha habari: Mtoto Anayeitwa Njaa. Eti Tanzania wazazi wanawapa watoto majina ya wanachokosa. Watu milioni mbili wameangalia. Wanalia, wanauliza nchi hii iko wapi, watume nini.

Na asubuhi mtoto kala ugali na dagaa, kabakiza!

 Mimi ndiye niliyesema. Kwa mdomo wangu, huku nacheka.

Jumatano, 11 Februari

Mtendaji wa mtaa kaja kuuliza nani kanituma kuichafua nchi. Bombani naitwa Mama Njaa. Wananitania tu, lakini mtoto kasikia. Sasa akiulizwa jina ananyamaza.

Malale anataka tumwite Mariana, yaishe. Nimekataa. Kampigia mama yake Kibaoni kumweleza. Bibi akaomba simu nipewe mimi. Sauti ndogo kabisa.

"Mkwe wangu, mnanifuta nikiwa hai?"

Nikamwambia, njoo mwenyewe, mama.

Jumamosi, 14 Februari

Bibi kafika saa nne na kiroba cha mchele wa shambani kwake. Hata maji hajanywa — gari la wazungu hilo. Wanasema dunia imeguswa. Wameleta unga na maziwa ya kopo, wanataka picha mtoto akipokea.

Nimemwambia Didace hatushiki kitu mpaka waseme jina ni la nani. Mwenyewe huyo hapo, wamuulize. Kasema hilo baadaye, jua linakuwa kali. Halafu kile kiroba cha mchele kiondolewe, kinaingia kwenye picha.

Bibi akakikalia.

Nimeingia ndani kumvalisha mtoto. Naandika nimesimama. Nimemvika gauni la Krismasi, la njano. Nimemuuliza, unaitwa nani? Kanong'ona. Nikamwambia, sema tena, mama, kwa nguvu.

"Nyanzala."

Didace anagonga. "Dada Scola, wanataka lile la siku ile. Lililochanika."

Liko kwenye beseni tangu asubuhi, na povu juu.

Anagonga tena. Nyanzala keshashika kitasa —