Nyuki Ndani ya Basi la Kunguru

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini goti linakupa nafuu, na kwamba unafanya yale mazoezi badala ya kumdanganya Mama kuwa umeshayafanya. Sisi huku ni wazima. Mjukuu wako ameota meno ya mbele na anang'ata kila kinachopita karibu yake, mimi mama yake nikiwemo.

Najua umeziruka salamu unatafuta habari za timu. Haya, kaa kitako. Mambo ya huku mimi sijawahi kuyaona, na wewe uliyeendesha basi la Nyuki kabla ya kuniachia usukani, nadhani hukuyaona pia.

Nianze na basi lenyewe. Limechukuliwa na dalali wa mahakama. Mwenyekiti wetu alisajili wachezaji wa bei mbaya kwa kutegemea zawadi ya ubingwa, na ubingwa wenyewe tukabaki kuusikia redioni. Wahenga walionya usikate mbeleko na mtoto hajazaliwa. Yeye alikata, akashona, akatia na pindo. Mdhamini alipoona hali, akaondoka. Mishahara ikasimama. Dalali alipokuja uani aliniomba funguo kwa adabu kabisa, nami nikamkabidhi huku machozi yananitoka. Mechi iliyofuata ya ugenini hatukufika.

Kanuni unaijua: timu ikikosa kufika mara ya pili inafutwa kwenye ligi, na matokeo yake yote ya msimu yanafutwa nayo, kana kwamba haikuwahi kuwepo. Mechi yetu ya mwisho ilikuwa ugenini kwa Mamba, safari ya siku nzima. Kila mwenye basi tuliyemwendea alituuliza kwanza tutalipa na nini. Basi ndiyo hivyo, Nyuki uliyoipenda tangu utotoni ilikuwa inakufa kwa kukosa magurudumu.

Sasa sikiliza. Kileleni walikuwa wanafukuzana Mamba na Kunguru, pointi sawasawa. Mamba walikuwa wameshatufunga mzunguko wa kwanza. Kunguru sisi tuliwafunga nje ndani. Kwa hiyo tukifutwa, Mamba wanapoteza pointi walizopata kwetu, Kunguru hawapotezi kitu, na ubingwa unawafuata wakiwa wamelala. Kunguru, Baba! Watani wetu, hao hao tunaowaimbia kila mwaka kwamba kunguru mwoga hukimbiza ubawa wake. Walichotakiwa kufanya ni kukaa kimya tu.

Siku mbili kabla ya mechi, mwenyekiti wao, yule mama muuza mbao, aliingia uani kwetu peke yake na viatu vyake vya vumbi la msumeno. Akasema basi lao liko nje na lina mafuta ya kwenda na kurudi. Mwenyekiti wetu akamuuliza kama anajua anachokifanya. Yule mama akamjibu kwamba hesabu anaijua: mechi yao na sisi ndiyo pekee inayojaza uwanja wao, ndiyo inayolipa wachezaji wake karibu nusu ya msimu, maana siku nyingine mtu akipiga chafya jukwaani golikipa anamwambia pole. Akasema kombe angelifurahia mwaka mmoja, lakini sisi tukishazikwa, mwaka wa pili nani atakuja kumtazama? Kisha akaongeza kwamba dereva wake ameapa hawabebi Nyuki hata kwenda hospitali, hivyo usukani nishike mwenyewe.

Basi nikaendesha basi jeusi, mimi binti yako. Barabara ya kutokea mjini inapita katikati ya mtaa wao, na nilipokata kona ya soko nikawaona wamejaa pande zote mbili. Nikawaambia vijana wafunge vioo na wainamishe vichwa. Nilijua ni mawe. Kumbe ni maji na mikate! Akina mama, wazee, mafundi gereji na mikono yao ya oili, wanagonga vioo tufungue, wanatupakia maboksi, na huku wanatuimbia matusi yao yaleyale, neno kwa neno, hawajapunguza hata moja. Nahodha wetu alipokea mkate kutoka kwa mtu aliyekuwa anamwita nzi wa chooni, akamwambia ahsante. Mzee mmoja muuza mkaa alinishika mkono dirishani akaniambia tusithubutu kufa kwa njaa, maana wao wanataka kutufunga tukiwa hai. Nikaukaza mkono wake, Baba, kisha nikatia gia.

Tulifika, tukacheza, tukafungwa moja bila dakika za mwisho, vijana wamekwisha miguu. Lakini hatukufutwa. Tumeuza washambuliaji wawili, waliobaki wamekubali mishahara midogo ambayo sasa inalipwa, na ligi imeturuhusu kucheza msimu ujao. Basi letu bado liko kwa dalali. Tunalipigania.

Sasa kuna jambo, na tafadhali usimtume Shangazi aje kunisema. Kunguru walicheza mechi yao ya mwisho siku mbili baada yetu. Nilikwenda, na nilivaa jezi nyeusi. Najua uliapa kwamba mwanao atakayevaa nyeusi akatafute baba mwingine. Niliivaa, nikawashangilia mpaka sauti ikakauka. Walihitaji ushindi tu, maana kwa tofauti ya mabao walikuwa mbele, wakatoka sare. Mamba wakachukua kombe kwa pointi walizozipata kwetu, siku ambayo Kunguru wenyewe ndio waliotupeleka. Uwanja mzima ulilijua hilo. Nililia hadharani, kwa ajili ya Kunguru! Fundi viatu aliyekaa kando yangu alinitazama, akauliza kama si mimi dereva wa Nyuki. Nikakubali, nikajikaza kwa lolote litakalokuja. Akanimiminia karanga zake kiganjani, akasogea nikae vizuri. Nilikuwa sijui kama watu wanaweza kuwa na moyo mkubwa kiasi hicho.

Mpe Mama shikamoo yangu, na Shangazi pia, hata kama atanisema. Jirani mwambie dawa ya mgongo nitaituma.

Na wewe jiandae kwa safari. Ratiba imetoka, na mechi ya kwanza ni sisi na wao, uwanjani kwao. Tiketi zimekwisha zote, ila yako ninayo. Kiti kiko upande wao, katikati yangu na fundi viatu. Vaa njano yako yote, Baba. Watakutukana kuanzia getini. Wajibu, kwa sauti yote uliyonayo.

Ni mimi binti yako, Nyuki wa kuzaliwa,
Dereva