Siku Tulipokukataza Kuonja

Masenge,

Shikamoo. Najua marahaba haitarudi, lakini sikufundishwa namna nyingine ya kumwanzia mkubwa barua, na aliyenifundisha ni wewe. Nimechana karatasi kwenye daftari langu mwenyewe, si ya ofisi, asije mtu akasema. Unaona, bado ni yule yule. Naogopa hata karatasi.

Nimekuita Masenge. Nyumbani Keza, kule mpakani, ndivyo tunavyomwita dada wa baba, na wewe ulinilea tangu sijui kufunga vifungo vya kaptula. Lakini nilipopata ukarani hapa Biharamulo, nikawa nakuja kula hotelini kwako na wenzangu wa ofisini, nilikuita Mama Hoteli kama wao. Hukulalamika. Uliniwekea maharage mezani ukasema, "Karibu, karani." Siku zile nilidhani unanitania.

Nikupe kwanza habari za hapa. Vita vimekwisha. Malori sasa yanarudi kutoka kaskazini, askari wanaimba juu yake, wengine wamelala juu ya magunia. Nyumba yako ina bati lile lile. Kibao chako, kile ulichomwomba fundi akiandike CHAKULA CHA HAPA HAPA, kimeng'olewa. Wanakatia mkate juu yake, siku mkate ukipatikana. Nimekiona mwenyewe, neno HAPA linasomeka bado chini ya makombo. Mahali penyewe panaitwa kantini, na anayeendesha ni shemeji yake bosi wangu, Ndugu Faustini. Chai haina sukari na hakuna anayekumbuka asali. Akina mama waliokuwa wakikuletea uyoga na majani ya muhogo bado wanasimama kidogo mlangoni asubuhi, kwa mazoea tu, halafu wanajitwika tena na kwenda sokoni. Bibi Anjelina wa ulezi huniuliza kila tukikutana, "Mwanangu, hoteli ya watu imeenda wapi?" Nami humwambia nina haraka.

Nakumbuka sheria yako ya jiko. Kisichoweza kufika kwa miguu katika siku tatu hakiingii. Chumvi tu uliisamehe. Siku zote nilishuku kwamba ulisema siku tatu ili ndizi za Keza zipate kuingia, maana siku mbili zisingetosha. Nilikuuliza, ukacheka mpaka ukashika mlango. Na yule dereva wa lori, yule mrefu aliyekuwa akilalamika kila akifika, "Mama, mkate uko wapi?" ukamjibu, "Mkate uko Dar. Panda gari lako ukaule, ukirudi ndizi zangu zitakuwa zimeiva." Tangu siku ile hakupita Biharamulo bila kula kwako.

Halafu sukari ikapotea, na unga wa ngano, na mafuta. Hoteli nyingine zikafunga milango moja baada ya nyingine. Jiko lako halikuzimika. Uji wa ulezi ulikuwepo, na asali ya msituni, viazi vitamu, na majani ya muhogo yaliyopondwa na kuungwa kwa karanga. Viongozi walikuwa wakihubiri kujitegemea mikutanoni, kisha wanakuja kula kwako. Na bado kulikuwa na watu walionong'ona kwamba mwenye hoteli yake peke yake ni mnyonyaji. Walinong'ona wakiwa wameshiba.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe. Nimelizunguka vya kutosha.

Ulikuwa na desturi ya kwetu ya kuonja. Chakula kikifika mezani, kabla mgeni hajagusa, ulichota kidogo, ukakidondosha kiganjani, ukala mbele yake, ndipo ukasema karibu. Hata mutobe, yale maji matamu ya ndizi mbivu, uliyamimina kwanza kiganjani mwako. Ulisema asiyeonja hajakaribisha mtu, amemtegea tu. Wakulima walioshuka sokoni walikuangalia ukionja, nao wakanawa mikono wakatulia. Hawakufikiri zaidi.

Ndugu Faustini alikula kwako kila siku, meza ya dirishani, na alikuita dada. Asubuhi moja aliniita, akafunga mlango wa ofisi. Alisema wageni wa kutoka mkoani hawapendi kuona mtu anatangulia kula chakula chao, kwamba ni ushamba, na kwamba wewe utanisikiliza mimi kwa kuwa ni damu yako na nimesoma. "Mwambie kwa upole," alisema. "Tunamsaidia dada yetu."

Nilikuja nikakwambia. Na sikukwambia kwa upole wa mtoto, nilikwambia kama mwalimu. Nikataja vijidudu. Nikataja usafi. Wewe ambaye kijiko chako hakikuwahi kugusa mdomo, ambaye ulionja kwa kiganja tu. Ulifuta mikono kwenye khanga, ukasema, "Wewe ndiye uliyesoma, mwanangu." Kuanzia mchana ule hukuonja tena. Nilirudi ofisini nikajisikia mtu mkubwa.

Kilichofuata unakijua, lakini niache nikiseme, maana siku ile sikusema.

Vita vilipoanza, lori la mgambo lilisimama kwako, vijana wakala, na wawili wakaanza kutapika kabla gari halijaondoka. Kufikia jioni mji mzima ulikuwa na neno moja: yule mama ametoka kule mpakani, na siku hizi haonji. Haonji, Masenge. Watu uliowalisha miaka yote walilirudia neno hilo kama waliokuwa wameliweka tayari mdomoni. Hakuna aliyeuliza vijana walikula nini njiani.

Kamati ikakuita. Nami nilikuwa pale mezani kama karani, naandika muhtasari. Mwenyekiti alikuuliza kwa nini uliacha kuonja. Ndugu Faustini hakusubiri ujibu. Alisema, "Hata mimi nilishangaa, Ndugu Mwenyekiti. Dada huyu alikuwa akionja siku zote, halafu ghafla akaacha." Alilisema bila kupepesa macho. Viti vitatu kutoka nilipokaa alikuwepo mtu aliyenituma, naye akishangazwa na kile kile alichonituma.

Nilingoja umtaje. Au unitaje mimi. Ulinigeukia, si kwa kulaumu, kama mtu anayehakikisha mtoto hajaumia. Kisha ukasema, "Niliacha tu."

Na mimi nikaandika. Niliandika vizuri, kwa mwandiko ule uliokuwa ukiwaonyesha majirani: Mama huyo alikiri kuwa aliacha tu. Hata nukta sikuisahau.

Hoteli ikafungwa. Hawakukufunga wewe, wakasema wamekuonea huruma, ukarudi Keza na sufuria mbili. Shemeji yake Faustini alipewa ufunguo kabla majivu yako hayajapoa vizuri. Mpaka leo sijui kama alilipanga tangu asubuhi ile aliyofunga mlango, au aliona tu nafasi imefunguka akaingia. Nimejaribu kuamua lipi lina uchungu zaidi. Siwezi. Bado ananiita "kijana wangu". Bado naitikia.

Masika ikaja, ukashikwa na homa. Ujumbe ulinifikia ukiwa bado hai. Ruhusa ilitakiwa kutoka kwa Faustini, na sikuthubutu kuiomba, nikasema nitaomba kesho. Ujumbe wa pili ulikuja kabla ya kesho hiyo. Sijasimama kwenye kaburi lako mpaka leo.

Nina hasira na wewe pia, Masenge, nisamehe. Kwa nini ulikubali haraka hivyo? Ungenipiga kofi. Ungeniambia, "Mtoto, kaa chini, hujui unachokataza." Ulininyamazia siku ile, ukaninyamazia tena mbele ya kamati, na mimi nimeubeba ukimya wako kama gunia ambalo hakuna wa kunitua.

Mwezi uliopita yule dereva mrefu alirudi. Alisimamisha lori, akaingia kantini akiwa anacheka tayari, akauliza, "Mama yuko wapi? Leo sitaki mkate." Walimwambia kwa nini hoteli ilifungwa, na kwamba umekufa. Alitoka nje akakaa kwenye ngazi. Mimi nilikuwa nakatiza uwanja, akaniita. Alisema wale vijana wawili waliotapika, yeye ndiye aliyekuwa amewabeba. Kabla ya kufika kwako waling'oa muhogo shambani mwa watu, ule mchungu, wakautafuna mbichi, nao hawakutoka upande wa nchi wanakoujua muhogo huo. Alidhani kila mtu anajua. "Si mngeniuliza?" alisema. "Mimi nilikula sahani ile ile, na nimefika Uganda na kurudi."

Nilirudi ofisini. Tangu siku ile nimekuwa nikihesabu siku zilizobaki kufika kikao.

Unajua kamati haikukaa tena tangu vita vilipopamba moto. Imekaa leo asubuhi. Na utaratibu ni kwamba kabla ya lolote karani anasoma muhtasari wa kikao kilichopita, halafu mwenyekiti anauliza kama kuna masahihisho. Nilisimama nikasoma. Nilipofika kwenye jina lako nikanywa maji, nikaendelea mpaka "aliacha tu". Mwenyekiti akauliza, kuna masahihisho? Wakatingisha vichwa. Faustini alikuwa amekwisha fungua faili la jambo linalofuata.

Nikasema, "Ndugu Mwenyekiti, mimi ninayo."

Mmoja akacheka: "Karani naye ni mjumbe?" Mwenyekiti, mzee wa watu, akasema mwacheni aseme. Nikasema hukuacha tu. Nikasema mimi ndiye niliyekukataza, kwa kutumwa na Ndugu Faustini, siku aliyofunga mlango wa ofisi. Nikaeleza habari ya muhogo, nikalitaja lori na dereva. Nikasema pia, "Huyo mama ni shangazi yangu," maana hata hilo wengine hawakulijua. Wamenijua miaka miwili, na hawakulijua.

Faustini hakukasirika. Alitabasamu. "Kijana wangu ana msiba," alisema, "tumwelewe." Na baadhi yao wakaanza kunionea huruma, Masenge, huruma ile ile waliyokupa wewe. Kisha mzee mmoja wa upande wa wakulima, aliyekuwa akija kwako siku za gulio, akaniuliza swali moja tu: "Kwa nini hukusema siku ile?"

Nikasema, "Niliogopa."

Mwenyekiti aliutazama muhtasari mbele yangu. Halafu akasema, "Iandikwe." "Yote?" nikauliza. "Yote," akasema, "na hilo la mwisho." Nikakaa nikaandika. Nimeandika jina la Faustini na nilichotumwa. Nimeandika kwamba karani alisema aliogopa. Mwandiko ni mbaya, lakini unasomeka.

Usidhani kuna zaidi. Kantini haijafungwa. Faustini hakuniaga alipotoka, na nadhani barua ya kunihamisha itaandikwa wiki hii. Huenda nikapewa mimi mwenyewe niipige chapa. Lakini jioni hii nilimkuta Bibi Anjelina akirudi sokoni na kikapu chake, na kabla hajauliza nikamwambia hoteli ilienda wapi, na nani aliipeleka. Alitua kikapu. Akasema, "Nilijua hakuacha tu."

Masenge, sasa nakuaga. Nakuja Keza, kwa ruhusa au bila ruhusa, siku tatu kwa miguu kama ndizi zako. Nitakuja na kibuyu cha mutobe. Kaburini kwako, mbele ya ukoo, nitamimina kwanza kiganjani mwangu, ninywe watu wakiona, ndipo nikukaribishe. Na popote watakaponipeleka, hakuna mgeni atakayekula kwangu kabla sijaonja. Akija aliyesoma kunikataza, nitamwambia nilikotoka.

Lala, Masenge. Sasa ni mimi ninayeanza kuonja.

Mtoto wa kaka yako,
karani wako