Tulivyomwimbia Papa Anselme Wimbo Wako

Mdogo wangu Baraka,

Salamu nyingi katika jina la Bwana. Habari za huko? Kifua kimepona? Hapa ulikuwa unakohoa kila baridi ya Juni ikiingia, na dawa hutaki, unasema sauti ya kukwaruza ndiyo inayotakiwa kwenye muziki wenu. Natumaini huko hakuna baridi. Sisi tu wazima. Mama kule Bukavu anajua kwamba ulikufa, hajaambiwa ulikufa vipi. Cherehani inakwenda, kwaya inakwenda, na mimi, ukiniuliza kwa kweli, nina hasira ambayo hata sala bado haijaipoza.

Nakuandikia kwa sababu tumevunja matanga yako, na lililotokea siku ile wewe ungelifurahia kuliko watu wote.

Kwanza nikwambie alichokuwa anasema Papa Anselme. Tangu wiki ile ya moto uliokuua alizunguka mtaa wetu wa Yeoville, hapa Johannesburg, duka kwa duka akieleza kwamba ulikuwa umelewa, ukawasha mshumaa, ukalala. Wewe, ambaye hata divai ya meza ya Bwana ulikuwa unainusa tu! Watu wakamwamini, maana ni shemasi, ni mkubwa wa jumuiya yetu ya Wakongo, na nyumba uliyopanga ni yake. Hakusema moto ulianzia kwenye nyaya zake zilizooza. Hakusema kwamba mlango wa nyuma aliutia mnyororo na kufuli ili mpangaji asihame bila yeye kujua. Mama Neema, mpangaji mwenzako, na wanawe walitoka kupitia dirisha kwa sababu wewe uliwainua mmoja mmoja. Kisha hakukuwa na wa kukuinua wewe. Asubuhi nilikwenda kuuona ule mlango. Mbao zimeisha, mnyororo umekuwa mweusi, na kufuli bado limefungwa, Baraka. Limefungwa vizuri kabisa.

Polisi waliandika, wakasema tusubiri. Mchungaji akaniambia nisamehe. Nikamjibu ndiyo, baba, nitasamehe, lakini Papa Anselme naye aseme kwanza nimsamehe nini.

Unakumbuka nilivyoucheka muziki wako? Uliposema unapiga panki nilidhani ni ule mtindo wa kunyoa nywele. Nikaja kuwasikiliza kwenye gereji kule mtaa wa Observatory, wewe na mpiga gitaa wako, Lwazi wa Alexandra, nikakaa na mkoba mapajani kama niko kwenye foleni ya hospitali. Eish. Gitaa kama mtu anakata bati, ngoma kama mtu anakimbizwa, na wewe unapiga kelele mishipa ya shingo imekutoka. Kabla sijajua kama wimbo umeanza, umekwisha. Nikakuuliza beti nyingine ziko wapi, maana kwetu kwenye kwaya wimbo usiofika beti sita bado haujapiga hodi.

Ukanikalisha chini, ukanichezea kanda za zamani za walioanzisha mambo hayo. Vijana wa Uingereza wasio na kazi, ukasema, ambao kila mlango waliobisha waliambiwa kesho yao haipo. Na wengine wa hapa hapa Johannesburg, weupe na weusi jukwaa moja, siku ambazo kusimama pamoja tu lilikuwa kosa na polisi wanaingia na mbwa. Wengi hata gitaa hawakulijua. Walijifunza mikao mitatu ya vidole wakapanda kuimba, kwa sababu waliolijua vizuri walikuwa wanaimba mapenzi na mwezi. Wao waliimba foleni ya kutafuta kazi, nyumba zinazovuja, rungu la polisi, vita ambayo wakubwa wanapeleka watoto wa wenzao. Sauti yenyewe ni mbaya makusudi, ulinieleza, kwa sababu habari yenyewe ni mbaya.

"Yaya, dada yangu," ulisema, "hapa huombi ruhusa. Unataja jina la mtu, unasema alichofanya, unashuka."

Nikakwambia hata watumishi wa Mungu wa zamani waliomba hivyo, walimwomba awavunje waovu meno, ila mchungaji wetu sala zile huziruka. Ulicheka mpaka ukakohoa. Ukasema basi na wao walikuwa panki.

Ndipo ukatunga ule wimbo wa kufuli la mlango wenu wa nyuma. Papa Anselme hakuwahi kuusikia. Gereji si mahali pa shemasi.

Sasa sikiliza. Unaijua desturi yetu: siku ya kuvunja matanga mkubwa wa jumuiya huiomba familia wimbo alioupenda marehemu. Watu wote husimama, na hakuna wa kukaa wala kutoka mpaka uishe. Nilijua ataomba. Kwa hiyo nilianza mapema. Kila mama wa kwaya aliyekuja kupimwa kitenge cha matanga nilimfungia mlango, nikamfundisha wimbo wako huku namzungushia utepe kiunoni. Mama Chantal alisema atapata dhambi. Baada ya kuulizwa kama aliwahi kukuona umelewa, aliuliza tu sauti ya tatu inaingia wapi. Sauti ya tatu, Baraka, kwenye panki!

Siku ikafika. Papa Anselme na suti mpya na maikrofoni. Akaomba kwa machozi. Akawaonya vijana juu ya pombe, akikutaja. Kisha, kwa ile sauti yake ya asali: "Familia itupe wimbo aliokuwa anaupenda marehemu, na sote tuuimbe."

Nikasimama. Lwazi akatoa gitaa chini ya kitenge, akachomeka kwenye spika za kanisa, na likalia lile bati lako ukumbi mzima. Wamama wakapiga kelele, si kuimba:

Kufuli la nani? La Anselme!
Ufunguo uko wapi? Kwa Anselme!
Tukiungua je? Kimya!

Akataka kukaa. Wazee wakamtazama, maana wimbo haujaisha. Na hapo ndipo sisi tulipokuzidi, mdogo wangu. Wewe ungeshuka jukwaani. Kwaya hairudii mara moja wala mbili. Tulirudia mpaka watoto wakaushika, mpaka watu wa nyuma ambao hawakujua kitu wakawa wanaitikia jina lake kwa kupiga mguu chini. Nilimtazama machoni muda wote. Jasho lilimtoka likaingia kwenye kola, nami nikanyanyua mkono kwa kwaya: tena.

Mwisho Mama Neema akaenda mbele akamnyang'anya maikrofoni. Gitaa likanyamaza.

"Baraka hakulewa," akasema. "Alinibeba mimi. Mlango ulikuwa na kufuli, na ufunguo ulikuwa mfukoni mwa huyu."

Wapangaji wengine wakaanza kusema, mmoja baada ya mwingine. Kesho yake walikwenda polisi pamoja, na safari hii hawakuambiwa wasubiri. Ushemasi amevuliwa. Ananikuta kwenye spaza, kile kiduka cha mtaani, ananisalimia kwa upole, siitikii. Alimtuma mkewe na sukari, kuniambia kwamba ninamuua. Sukari imerudi kwake. Kama hiyo ni dhambi Mungu ataniuliza, na mimi nitamwonyesha mnyororo.

Lakini sijashiba. Ana nyumba nyingine kule Berea, imejaa Warundi na Watanzania, na mlango wake wa nyuma nimeuona kwa macho yangu: umefungwa vilevile. Jina lako limesafishwa. Wale bado wanalala ndani. Nakuahidi, kila Jumamosi kwaya itasimama pale barabarani na gitaa, tutamtaja mpaka akate mnyororo kwa mkono wake, na baada ya hapo tutamtaja mlangoni mwa mahakama.

Pumzika, ndugu yangu. Lwazi anasema nyumba hii ya pili inahitaji beti yake, nami najua kutunga nyimbo za sifa tu. Niletee hata katika ndoto, hata maneno mawili. Tafadhali nijibu upesi, Jumamosi ni keshokutwa.

Yaya wako,
Furaha